Pacha wangu ana saratani ya titi. Je, zamu yangu inakuja?

Shikamoo Shangazi,

Mimi na dada yangu ni pacha wa kufanana. Hapa nitamwita Kulwa nami nijiite Doto, maana ndivyo tulivyofuatana: yeye alitangulia kwa dakika kumi na moja na hajawahi kuniacha nisahau. Tuna miaka 38. Tangu utotoni watu walitutofautisha kwa nguo tu, na tulipogundua hilo tukawa tunabadilishana nguo.

Miezi minne iliyopita Kulwa aligusa kijivimbe kwenye titi la kushoto. Wakachukua kinyama, kikapimwa, ikawa saratani. Sasa amemaliza dozi ya tatu ya tibakemia na nywele zimekwisha kichwani. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu, mtu asiyetujua akitukuta pamoja anajua huyu ni huyu na yule ni yule.

Siku ya dozi hiyo nilimsindikiza. Tukiwa tumekaa, dripu inashuka, akanitazama muda mrefu kisha akaniuliza, "Kwa nini mimi, si wewe?" Hakusema kwa hasira, Shangazi. Alisema kama mtu anayeuliza saa. Nikaaga naenda msalani, nikalia huko, na tangu siku hiyo sijamwona. Wiki ya tatu hii. Namtumia ujumbe, na ujumbe wenyewe ni wa uongo: nasema nina mafua, naogopa kumwambukiza.

Ukweli ni kwamba nikimtazama najiona mimi. Ripoti yake ya maabara niliipiga picha, naisoma usiku. Imeandikwa Ki-67 asilimia 35, daraja la 2, halafu kuna mutesheni ya jeni inayoitwa PIK3CA. Kama yeye anayo mutesheni hiyo, na vinasaba vyetu ni vilevile, basi nami ninayo. Nimeshaanza kutafuta daktari wa kuniondoa matiti yote mawili kabla hayajaanza. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa. Mama anajilaumu, mara ni damu ya kwao, mara ni ile siku Kulwa alianguka akaumia kifua tukiwa darasa la nne. Ndugu wengine wanasema ni kwa sababu Kulwa hakuzaa, mimi ninao wawili. Kuna na aliyesema ni simu, eti alizoea kuiweka kwenye sidiria.

Niambie kweli, zamu yangu inakuja? Na nimjibu nini dada yangu? Nimefikiria hata kunyoa nywele zangu niende hivyohivyo, iwe ndiyo jibu.

Wako,
Doto

Marahaba Doto, mwanangu.

Naanza na ripoti, kwa kuwa ndiyo inayokukesha, na kwa kuwa umeisoma vibaya. Sikulaumu. Ripoti zile daktari wa maabara humwandikia daktari wa wodini, na hakuna kati yao anayefikiri kwamba zitasomwa saa nane usiku na pacha wa mgonjwa.

Umeona neno mutesheni ukaruka moja kwa moja hadi kifuani mwako. Ungetua kidogo kwanza ukaangalia imeonekana wapi. Kilichopimwa ni kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe. Hayakupimwa mate ya Kulwa wala damu yake. Hilo peke yake linabadilisha habari yote, lakini ili uliamini, si ulimeze tu kwa sababu Shangazi kasema, inabidi nikurudishe mbali kidogo. Nilifundisha biolojia miaka mingi, nivumilie.

Kabla ya kuwa wawili mlikuwa mmoja, na hapa sisemi kwa lugha ya mashairi. Mlikuwa yai moja lililorutubishwa, seli moja, ndani yake kromosomu 46: 23 kutoka kwa mama yenu na 23 kutoka kwa baba. Kromosomu hizo ni uzi wa DNA uliokunjwa na kusokotwa. Ukiunyoosha unafika kama mita 2, nao umefungashwa katika kiini ambacho jicho tupu haliwezi kukiona. Uzi mzima umeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na ukizihesabu zote, za upande wa mama na za upande wa baba, zinafika takriban bilioni 6. Seli ile ikagawanyika zikawa mbili, zikawa nne, zikaendelea, na katika wiki mbili za kwanza kifundo kile kidogo kikaachana vipande viwili. Kimoja Kulwa, kimoja wewe.

Kuanzia saa hiyo kila mmoja ananakili kivyake.

Nasisitiza neno kunakili. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika kwamba kila seli hutoka katika seli nyingine, na mpaka leo hajapatikana wa kumpinga. Mwili hauna kiwanda pembeni kinachotengeneza seli mpya. Seli iliyopo huinakili DNA yake yote, kisha hujigawa, na kila nusu huondoka na nakala kamili. Wanafunzi wangu niliwaonyesha kwenye ncha ya mzizi wa kitunguu, maana pale seli hugawanyika kwa wingi. Unaiponda kidogo kwenye kioo, unaitia rangi, unatazama kwa hadubini: hizi kromosomu zimejipanga katikati kama watu kwenye foleni, zile zinavutwa, nusu huku nusu kule. Mjerumani mwingine, Walther Flemming, alichora hatua hizo kwa mkono katika kitabu chake cha mwaka 1882, akauita mgawanyiko huo mitosisi. Karibu kila darasa, hata mtoto asiyependa kusoma alinyamaza akasogeza jicho karibu zaidi.

Sasa fikiria ukubwa wa kazi. Mwili wa mtu mzima una seli trilioni 30 hivi, na kila siku zinazokufa na kuzaliwa upya ni kama bilioni 330, nyingi zikiwa za damu na za utando wa utumbo. Utumbo hujivua utando wake kila baada ya siku chache. Seli za misuli ya moyo na za ubongo, kwa upande mwingine, zikishakomaa hazigawanyiki ila kwa nadra sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu mzima kutosikia mara kwa mara habari za saratani ya moyo. Pasiponakiliwa sana, hapakosewi sana.

Na makosa hutokea. Kimeng'enya kinachonakili DNA, kikiachwa bila kusahihishwa, hukosea kama mara 1 katika kila herufi 100,000. Kwa kitabu cha herufi bilioni 6 hayo ni makosa 60,000 kila seli inapogawanyika! Kwa bahati kimeng'enya chenyewe hujikagua: kikiweka herufi isiyofaa husita, hurudi nyuma, huifuta, huandika tena. Baada yake hupita kundi jingine la protini likitafuta yaliyoponyoka. Mpaka mwisho yanabaki makosa kama 1 katika kila herufi bilioni 1, au pungufu ya hapo. Waliotufafanulia namna DNA inavyorekebishwa, Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015, na mimi nikipewa nafasi ningewapa mara mbili.

Lakini umeona, hayafiki sifuri. Yanabaki machache kila mgawanyiko, na juu yake kuna yanayotoka nje: mwanga mkali wa jua unaogandisha herufi mbili jirani kwenye ngozi, kemikali za moshi wa sigara zinazojibandika kwenye DNA ya mapafu, mionzi inayokata uzi wenyewe. Mengi hayana madhara. Sehemu ya DNA inayoandika protini ni ndogo, kama asilimia 1 hadi 2, na kosa likiangukia kwingineko mara nyingi hakuna atakayelijua. Hayo ndiyo mutesheni, Doto. Ni kosa la kunakili au jeraha ambalo halikurekebishwa. Neno hilo limepata jina baya kuliko linavyostahili. Wewe unayo kwa maelfu mwilini, mimi ninayo, mkwe wako anayo, na seli moja haiko sawasawa na jirani yake.

Kwa hiyo wewe na Kulwa ni kama wanakili wawili waliopewa kitabu kimoja wakafungiwa vyumba viwili. Wamenakili miaka 38, kila nakala ikitokana na nakala iliyotangulia. Kitabu ni kilekile, ila makosa ya mkono wa huyu siyo ya mkono wa yule. Mwaka 2021 watafiti wa Iceland walisoma DNA ya jozi nyingi za pacha wa kufanana wakakuta kwamba, kwa wastani, pacha hutofautiana kwa mutesheni 5.2 zilizoingia katika siku za mwanzo kabisa za kiinitete, na hapo hatujahesabu zilizoingia baada ya kuzaliwa. Kusema vinasaba vyenu ni vilevile ni kweli kwa mwanzo wenu. Kwa seli moja ya titi la kushoto la mtu wa miaka 38 si kweli tena.

Rudi sasa kwenye PIK3CA. Ni jeni, yaani kipande cha uzi wa DNA chenye kazi yake, ambayo kila mmoja wetu anayo. Kazi yake ni kupokea taarifa kutoka nje ya seli na kuipitisha ndani: kua, jiandae kugawanyika. Ikikosewa katika herufi fulani maalumu, huipitisha taarifa hiyo hata pale ambapo hakuna aliyeituma. Kosa hilo huonekana katika uvimbe wa saratani ya titi takriban 1 kati ya kila 3, na karibu kila mara limezaliwa palepale, katika seli moja ya titi, likabaki kwa uzao wa seli hiyo. Halikutoka kwa mama yenu. Halimo katika ngozi ya Kulwa wala katika damu yake, na wewe huna sababu ya kulitafuta kwako. Madaktari hulipima kwa sababu kuna dawa zinazolilenga, basi.

Tena kosa moja halitoshi kuleta saratani. Seli ina jeni za kusema "endelea" na jeni za kusema "subiri", na inayo pia jeni ya TP53 ambayo DNA ikiharibika husimamisha kazi yote, na uharibifu ukizidi huiamuru seli ijiue. Naam, ijiue, na seli hutii. Zinajiua kila siku mwilini mwako na wewe hata kukohoa hukohoi. Ili saratani itokee lazima seli moja na kizazi chake wakusanye makosa kadhaa ya maana, mara nyingi kati ya 2 na 8: huku "endelea" imekwama, kule "subiri" imenyamazishwa, na pengine TP53 imezimwa, kama inavyokutwa katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu. Kukusanya huko huchukua miaka, ndiyo maana saratani nyingi ni za utu uzima. Hata baada ya hapo kuna hesabu: seli moja inahitaji kujigawa mara mbili mbili kama mara 30 ifike bilioni 1, na bilioni 1 ndiyo uvimbe wa sentimita 1 hivi, ule ambao kidole kinaanza kuugusa. Kilichoanza kwa dada yako hakikuanza mwaka huu.

Hapo ndipo ningependa kukuaga ukiwa umetulia, lakini ningekuwa nimekudanganya.

Kuna saratani chache, kati ya 5 na 10 katika kila 100, ambazo zina kosa la kurithi, lililokuwemo tangu kwenye yai. Kwa titi, majina makubwa ni BRCA1 na BRCA2, jeni zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, na kazi yao ni kurekebisha uzi wa DNA uliokatika. Kila jeni unayo mara mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kwa jeni za aina hii, moja ikiharibika nyingine huendelea na kazi. Shida ni zikiharibika zote mbili katika seli moja. Daktari Mmarekani Alfred Knudson aliieleza hoja hiyo mwaka 1971 akichunguza saratani ya macho ya watoto. Mtu wa kawaida ana mbili nzima, na kosa lazima lipige mara mbili mahali palepale. Aliyerithi amezaliwa na moja mbovu katika kila seli ya mwili wake, kwa hiyo linatakiwa pigo moja tu, popote. Mwanamke mwenye BRCA1 au BRCA2 mbovu ana uwezekano wa karibu 7 kati ya 10 wa kupata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80, na hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda.

Kulwa amepata saratani akiwa na miaka 38. Umri huo ni mdogo kwa ugonjwa huu, na peke yake unatosha kuwa sababu ya kupima kama kuna kosa la kurithi. Kipimo hicho hufanywa kwa damu au mate, ni tofauti na kile cha kinyama, na katika yote uliyoniandikia sikukiona. Inawezekana kilifanyika, inawezekana hakikufanyika. Waulizeni madaktari wake kwa maneno haya: je, amepimwa jeni za kurithi, BRCA1, BRCA2 na wenzake, kwa damu? Kama kuna mshauri wa vinasaba, ombeni kumwona.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa upacha wenu una kazi. Jibu la Kulwa katika kipimo hicho ni jibu lako. Akikutwa na BRCA mbovu aliyorithi, nawe unayo, na kila mtoto wako ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Asipokutwa nayo, nawe huna. (Watoto wako humwita Kulwa mama mkubwa, sivyo? Lugha yetu iliwahi maabara. Kwa vinasaba yeye ni mama yao sawa na wewe, na angezaa, watoto wenu wangelingana kama ndugu wa mama mmoja na baba tofauti.) Kwa sababu hiyo hiyo usiende kupima kwa siri: utakuwa umefungua barua iliyoandikwa majina mawili. Utaratibu mzuri ni aanze mgonjwa, na mkubaliane kabla damu haijatolewa kwamba mnataka wote wawili kujua. Mmoja asipotaka, hilo nalo ni mazungumzo, na mazungumzo hayo hayafanyiki kwa ujumbe wa mafua.

Kuhusu kuondoa matiti: ngoja. Sikwambii ni wazimu, na mumeo angetafuta neno jingine. Kwa mwenye BRCA mbovu upasuaji huo hupunguza uwezekano wa saratani ya titi kwa asilimia 90 au zaidi, na wapo wanawake walioufanya wakalala usingizi. Ila wewe unataka kukatwa kwa sababu ya PIK3CA iliyo kwenye uvimbe wa mtu mwingine. Subiri jibu la damu. Likija ni BRCA, utakuwa na ya kuchagua: kuchunguzwa kila mwaka kwa MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, dawa za kuzuia, au upasuaji, na daktari wa kukueleza kila moja inakugharimu nini mwilini. Likija si BRCA, usirukeruke kwa furaha ukasahau. Kuwa na pacha aliyeugua akiwa kijana bado kunakuweka juu ya mwanamke wa kawaida, kwa hiyo mwambie daktari wako habari hiyo sasa hivi, apange uchunguzi wako uanze mapema. Titi likibadilika usisubiri tarehe ya kliniki.

"Juu" ni juu kiasi gani? Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia pacha zaidi ya 200,000 wa Denmark, Finland, Norway na Sweden kwa miaka mingi. Ukichukua watu wote, 32 kati ya 100 walipata saratani ya aina yoyote ile maishani. Kwa pacha wa kufanana ambaye mwenzake alipata, ilikuwa 46 kati ya 100. Itazame namba hiyo pande zote mbili. Imepanda, hilo halina ubishi. Lakini watu hao walioanza na kitabu kilekile, herufi kwa herufi, zaidi ya nusu yao hawakumfuata mwenzao. Ingekuwa kilichoandikwa kitabuni kinatosha, wangemfuata wote.

Yaliyobaki kwenye ripoti nayapitia haraka. Ki-67 ni protini inayoonekana katika seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika na kutoonekana katika zilizopumzika. Asilimia 35 maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za uvimbe walizozihesabu, 35 zilikuwa zinajiandaa kugawanyika au zinagawanyika. Haina maana kwamba asilimia 35 ya mwili imeliwa, wala si asilimia za kupona. (Jina lenyewe halina fumbo: Ki ni mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa, na 67 ni namba ya kishimo cha sahani ya maabara.) Kasi hiyo ni habari mbaya kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine seli zinazogawanyika sana mara nyingi ndizo tibakemia inazozipata vizuri. Daraja la 2 nalo usilichanganye na hatua ya 2. Daraja ni sura ya seli chini ya hadubini, zimetofautiana kiasi gani na seli za kawaida, katika mizani ya 1 hadi 3. Hatua ni ukubwa wa uvimbe na umbali uliosambaa. Mtu anaweza kuwa na daraja la juu katika hatua ya mwanzo kabisa.

Ndugu zenu. Simu haileti saratani ya titi, iwe kwenye sidiria au chini ya mto. Kuanguka pia hakuleti. Kinachotokea ni kwamba mtu akiumia kifua hujigusa, na akijigusa hukuta kilichokuwepo. Mwambie mama hivyo kwa maneno yaleyale, na umwambie tena kesho, kwa maana mama anayejilaumu hasikii mara ya kwanza. Hili la kutozaa ndilo linaloniudhi, kwa sababu lina punje ya ukweli na watu wameigeuza kuwa jiwe. Seli za titi huitikia homoni na kugawanyika mwezi baada ya mwezi. Mimba na kunyonyesha hubadilisha seli hizo na kupunguza hatari. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002 ulikadiria punguzo la asilimia 7 kwa kila uzazi, na asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Hizo ni asilimia za hatari iliyopo, kwa hiyo ni kidogo, na wenye watoto sita nao wapo wodini. Anayemwambia mwanamke aliye kwenye dripu kwamba angezaa asingeugua hajasema jambo la kisayansi. Amesema jambo la siku zote kwa kutumia ugonjwa wake. Mkiwa wote sebuleni ukalisikia tena, wewe mwenye watoto wawili ndiye unayepaswa kulijibu, asijibu Kulwa.

Sasa swali lake. Kwa nini mimi, si wewe?

Nadhani ulikimbia kwa sababu ulisikia ndani yake, "ingekuwa wewe." Mimi nimelisoma mara nyingi na silisikii hivyo. Mtu aliyeishi miaka 38 akiwa na mwingine wa kumlinganisha naye kwa kila kitu, urefu, sauti, hata meno, ameona tofauti kubwa ya kwanza. Anauliza imetoka wapi. Na jibu lake unalo: katika mabilioni ya seli zilizojinakili kwake na mabilioni yaliyojinakili kwako, mkono wa mnakili uliteleza mahali pabaya kwake, ukateleza tena, na wakaguzi hawakuona. Kwako umeteleza mahali pengine. Hakuna kati yenu aliyefanya kitu. Unaweza kumwambia, "Sijui kwa nini wewe, nimesoma mpaka saa nane usiku na hakuna palipoandikwa jina lako," ambayo ni kweli tupu. Kisha mwambie kuhusu mafua.

Nenda wiki hii. Usibebe ripoti, na habari ya BRCA isiwe salamu. Ianze siku ya pili au ya tatu, akiwa na nguvu.

Nywele zimemwisha kwa sababu seli za shina la unywele ni miongoni mwa zinazogawanyika haraka kuliko zote mwilini, na dawa nyingi za tibakemia hupiga kila kinachogawanyika bila kuuliza ni cha nani. Ndiyo maana pia mdomo hupata vidonda na damu hushuka. Dawa ikiisha, seli za shina huanza tena, na kwa kawaida nywele huchomoza wiki chache baada ya dozi ya mwisho, mara nyingine zikiwa na mikunjo ambayo hazikuwa nayo. Zako usizinyoe kabla hujamwuliza. Pengine atafurahi. Pengine pia, Doto, kwenye kichwa chako ndipo anapoziona zake, na angetaka zibaki.

Shangazi